Mama Amelipa, Boksi Halina Habari

Kwa Wakurugenzi wa makampuni yote yanayokopesha mifumo ya sola majumbani, Tanzania

YAH: MODEMU ZILIZOKUFA NA NYUMBA ZINAZOZIMWA BILA DENI

Ndugu Wakurugenzi,

Nawaandikia kutoka Mwamapalala, wilayani Itilima, mkoani Simiyu.

Mimi ni fundi simu. Meza yangu iko gulioni, chini ya mwavuli uliochanika upande mmoja, na ugali wangu unatokana na kubadilisha vioo, spika na sehemu za chaji. Nawaandikia hadharani kwa sababu njia ya faragha nimeitembea mpaka salio likaniishia. Wakala aliyetuuzia mfumo siku hizi anauza mbegu. Namba ya huduma kwa wateja inapiga muziki mpaka simu inapata joto shavuni.

Kampuni iliyomkopesha mama yangu siitaji. Nimeona maboksi ya makampuni tofauti yakiletwa mezani kwangu na ugonjwa uleule. Nikimtaja mmoja, wengine mtapumua na kuendelea na chai. Barua hii ni yenu nyote.

Jambo lenyewe ni hili. Mama ana mfumo wa taa nne, redio na sehemu ya kuchajia simu. Analipia kwa simu kila wiki, jioni ya siku ya gulio, akishauza michembe na mlenda. Jioni moja alilipa kama kawaida. Meseji ikaingia, na mjukuu wake wa darasa la saba akamsomea: malipo yako yamepokelewa, asante. Mama akaijibu meseji kwa mdomo, "Wabeja," yaani asante kwa Kisukuma, kisha akainua macho kuitazama taa ya sebuleni. Haikuwaka. Akabaki vile, shingo imeinuka, kama mtu anayesikiliza mvua inayokuja, mpaka mtoto alipokwenda kuleta kitochi.

Betri ilikuwa imejaa. Paneli ilikuwa imeshinda juani kutwa nzima. Deni la wiki lilikuwa limelipwa. Kilichokosekana ni kipande cha ukubwa wa ukucha wa dole gumba, kinachokaa ndani ya boksi lenu na kuongea na mnara: modemu. Ilikufa. Ya kwenu ikafa, ya mama ikazimwa.

Naomba mnivumilie niyapange malalamiko yetu kwa namba, ili atakayejibu ajue anajibu lipi.

1. Boksi lenu linatafsiri ukimya kuwa deni.

Mnajua njia ya malipo inavyopita, lakini wasomaji wengine hawajui, kwa hiyo nitaieleza. Pesa inatoka kwenye simu ya mama, inapita kwenye mtandao wa pesa, inafika kwenye seva zenu. Seva zinasoma kwamba fulani amelipia siku saba. Kisha zinatuma ujumbe kupitia mnara hadi kwenye modemu iliyo ndani ya boksi, na boksi linajiongezea siku saba. Ndani ya boksi kuna saa inayohesabu kurudi nyuma. Ikifika sifuri bila ujumbe, umeme unakatwa.

Hapo ndipo kosa lilipo. Boksi halijui tofauti ya mteja ambaye hajalipa na mteja ambaye amelipa lakini habari haijafika. Kwalo hao wote ni wadaiwa. Na msiseme hamkujua. Siku ya nne ya kupiga simu nilimpata binti mmoja mwenye adabu, akaangalia kwenye kompyuta yake, akaniambia, "Kaka, boksi hili halijaonekana kwenye mtandao kwa siku ishirini na tatu, ila malipo yapo yote." Maneno hayo alinisomea kutoka kwenye kioo chenu wenyewe. Basi mlikuwa na ushahidi wa aina mbili: mama analipa, na boksi ni bubu. Hakuna kati yenu aliyepewa kazi ya kuziunganisha habari hizo mbili.

2. Modemu zinafia huku kwa sababu zinazojulikana.

Modemu nyingi nilizoziona ndani ya maboksi haya ni za 2G. Modemu ya namna hiyo haipazi sauti ovyo: mnara ukiwa karibu inanong'ona, ukiwa mbali inapiga kelele. Kwenye masafa ya megahezi 900, kelele yake inaweza kufika wati 2, na kwa kipande kidogo cha sekunde inavuta hadi ampea 2 kutoka kwenye umeme wa volti 4 hivi. Mezani kwangu nimeshuhudia umeme wa boksi kuukuu ukidondoka kila modemu inapotaka kusema. Inaanza, inazimika, inaanza upya, usiku kucha. Ongeza joto chini ya bati, vumbi la kiangazi na radi za msimu wa mvua. Lehemu inapasuka, waya wa antena unachomoka, laini iliyolehemiwa kwenye bodi haisomi tena.

Serikali imefanya sehemu yake kwenye minara. Mei 2023, kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ilisaini mikataba ya kujenga minara 758 katika kata za vijijini nchini. Mnara mpya hauifufui modemu iliyokufa. Boksi la mama lilikuwa hatua ishirini kutoka kwa la jirani. La jirani taa ya mtandao ilikuwa ikikonyeza. Nikalibeba la mama kwa bodaboda mpaka karibu kabisa na mnara, nikakaa nalo mapajani nusu saa, wapita njia wakidhani nauza redio. Halikukonyeza hata mara moja.

3. Kimekufa kipuri, tunaambiwa tununue boksi.

Modemu ya 2G ya aina hiyo huuzwa kwa dola chache tu. Jibu nililopewa ni kwamba boksi zima lifungwe, litumwe kwa basi hadi mjini, tulipie usafiri na ukaguzi, na likionekana haliponi mama alipie jipya. Kwa nini modemu isibadilishwe hapahapa? Nitawaambia nilichokiona, maana nimekijaribu kwenye maboksi mawili yaliyotupwa na wenyewe. Nilihamisha modemu nzima kutoka moja kwenda jingine, aina ileile, kiwanda kilekile. Ikashika mtandao bila tabu. Lakini kila modemu ina namba yake ya IMEI, na laini iliyomo ina namba yake, na seva zenu zinalitambua boksi kwa namba hizo. Modemu ngeni ndani ya boksi ni kama mgeni aliyevaa koti la mwenye nyumba: mbwa hawamtambui.

Maana yake ni kwamba kazi ya mikono ni ya dakika arobaini, na fundi yeyote wa simu mwenye mkono mtulivu anaiweza. Kinachobaki ni mtu wenu kuandika namba mpya mahali pa namba ya zamani. Hiyo ni kazi ya dakika mbili kwenye kompyuta, na ndiyo inayomlaza mama gizani kwa wiki.

4. Siku za giza nazo zinahesabiwa.

Mama aliendelea kulipa. Nilimwambia asubiri, akanijibu kwamba deni ni deni. Katika kipindi chote ambacho taa hazikuwaka, mkataba uliendelea kuhesabu. Taa zilipozimika, majirani waliokuwa wakichaji simu zao kwake kwa shilingi mia tatu walihamia kwingine. Mtoto wa darasa la saba alisomea kitochi, na kitochi nacho kinahitaji chaji. Koroboi lililotundikwa ukutani kama kumbukumbu likashushwa na kufutwa vumbi. Sisemi kwamba sola haikutusaidia. Imetusaidia sana, na ndiyo maana tunalia inapozimwa.

5. Mnatufundisha wizi.

Hapa ndipo mnapopaswa kusoma taratibu, maana panahusu mifuko yenu. Kila wiki kuna mtu anayefika mezani kwangu na boksi ndani ya kiroba, anatazama kushoto na kulia, kisha anasema, "Fundi, niunganishie moja kwa moja." Anataka nivunje lakiri, niruke kufuli, betri iende kwenye taa bila kuuliza mtandao. Kazi hiyo si ngumu. Waya mbili na dakika kumi.

Zamani waliokuja na ombi hilo walikuwa wakwepa madeni, na kuwafukuza ilikuwa rahisi. Siku hizi wananionyesha meseji za malipo. Wanasema, "Nimelipa, soma mwenyewe." Nikimkatalia mtu huyo namwambia nini? Nimekataa mpaka leo. Lakini mafundi hatufanani, na njaa haina cheti. Anayerukiwa kufuli leo kwa sababu ya modemu, kesho halipi tena, kwa sababu amegundua taa inawaka bila ninyi. Mteja mzuri mmemgeuza kuwa mwizi kwa mikono yenu, kisha mtamwandika kwenye ripoti kama hasara ya mikopo vijijini.

6. Nyumba yetu imefungwa kwa kamba ndefu.

Boksi linalosubiri neno kutoka mbali ili liwashe taa liko hatarini kila kamba ile inapoguswa. Haya si mambo ya Mwamapalala peke yake. Marekani, tarehe 22 Februari 2022, kampuni ya AT&T ilizima mtandao wake wa 3G, na wenye nyumba zilizofungwa ving'ora vya kutumia mtandao huo walilazimika kubadilishiwa modemu ili ving'ora visiwe mapambo ukutani. Mwaka 2016, kampuni ya Nest ilizima seva za Revolv, kifaa cha kuongoza taa na milango kilichouzwa takriban dola 300, na vifaa vilivyokuwa vizima kabisa vikawa takataka kwa siku moja.

Kwetu pia somo tumelipata kwa karibu. Mobisol, kampuni ya Berlin iliyokuwa na wateja wengi wa sola Tanzania, iliishiwa uwezo wa kulipa madeni yake mwezi Aprili 2019. Bahati nzuri Engie ya Ufaransa ikainunua mwaka huohuo. Lakini mnunuzi ni bahati, si mpango. Je, siku asipopatikana, nani atayatumia maboksi yetu ujumbe wa kuyaruhusu yawake? Modemu zote zitakuwa hai, na hakuna atakayeongea nazo.

Ndugu Wakurugenzi, najua mtakavyojibu: bila kufuli hakuna mkopo, na bila modemu hakuna kufuli. La kwanza nalikubali. Mama hakuwa na fedha za kununua mfumo mzima kwa mpigo, na kufuli ndilo lililowapa ninyi ujasiri wa kumwamini mkulima wa pamba anayeona fedha nyingi mara moja kwa mwaka. La pili silikubali, kwa sababu mfano wa kulipinga uko kwenye nyumba za majirani zetu wenye umeme wa TANESCO.

Mita ya LUKU inalipiwa kwanza na inajikata yenyewe, na mtu anaifungua kwa vidole vyake, kwa tokeni ya tarakimu 20. Mwaka 2024 mita hizo zilikabiliwa na mtihani mkubwa. Tokeni za mita za aina hiyo duniani kote zilikuwa zikihesabu dakika tangu mwaka 1993, na hesabu hiyo ilikuwa inafika mwisho tarehe 24 Novemba 2024. Mita isiyorekebishwa isingepokea tokeni mpya. TANESCO walifanyaje? Mteja aliponunua umeme alitumiwa makundi matatu ya tarakimu 20. Mawili ya kwanza yalirekebisha mita, la tatu likaingiza umeme. Bibi aliyeshika kitochi na mjukuu anayesoma namba waliirekebisha mita yao wenyewe, usiku, wamesimama juu ya kigoda. Hakuna aliyefunga mita kwenye kiroba na kuipakia basi.

Kwa hiyo tunaomba haya, na tunaomba mjibu moja baada ya jingine:

Kwanza, boksi lisiloonekana mtandaoni huku malipo yake yanaingia lisizimwe. Lipewe siku 14 za ziada zilizowekwa ndani yake tangu kiwandani, na siku hizo zikianza kutumika, ninyi ndio mpige simu kwa mteja. Msimsubiri awatafute.

Pili, kila boksi liwe na njia ya pili ya kufunguliwa kwa namba, kama LUKU. Modemu ikiwa hai ifanye kazi yake, ikifa mteja atumiwe namba kwa meseji. Boksi jipya lisilo na njia hiyo lisiletwe tena vijijini.

Tatu, modemu iuzwe kama kipuri, ikae kwenye soketi badala ya kulehemiwa, na iwe ya aina inayoweza kubadilishwa kuwa 4G siku 2G ikizimwa. Wafundisheni mafundi simu walau wawili kila kata, waandikisheni, wapeni namba moja ya kupiga. Fundi akisoma IMEI mpya, mtu wenu aiandike siku hiyohiyo. Lakiri ikivunjwa na fundi aliyeandikishwa, dhamana isife.

Nne, siku ambazo boksi lilikuwa bubu na mteja amelipa ziongezwe mwisho wa mkataba bila kuombwa. Kumbukumbu mnazo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inampa mama haki ya kuziona taarifa zake. Tunaomba karatasi moja inayoonyesha boksi lake lilisema lini mara ya mwisho, na yeye alilipa lini baada ya hapo.

Tano, mkataba uandikwe kwa Kiswahili kinachoeleweka, na mstari mmoja uonyeshe modemu ni ya nani wakati mkopo unaendelea. Kama ni yenu, kufa kwake ni gharama yenu. Kama ni ya mama, basi ana haki ya kuitengeneza kwa fundi anayemtaka.

Sita, namba za kuyafungua maboksi yote daima ziwekwe amana kwa mamlaka ya serikali, ili kampuni ikifungwa, waliomaliza kulipa na wanaoendelea kulipa wasifungwe pamoja nayo.

Kwa mamlaka nitakazozipa nakala, ombi langu ni fupi. Tume ya Ushindani imepewa na sheria ya mwaka 2003 kazi ya kumlinda mlaji dhidi ya mwenendo usio wa haki sokoni. Kumzimia mtu huduma aliyoilipia kwa sababu ya hitilafu ya kifaa cha muuzaji, tunaomba mseme kama ni haki au si haki. TCRA, modemu hizi ni vyombo vya mawasiliano kama simu zilivyo. Tunaomba muwaulize wanaoziingiza nchini watazibadilishaje zikifa. EWURA, hata wati thelathini ni umeme kwa asiye na mwingine.

Nimewaandikia sasa kwa sababu mtihani wa darasa la saba ni Septemba, na pamba ikishauzwa watu wengi hapa watakopa mifumo mipya. Wananiuliza mimi, fundi, kama wakope. Jibu nitakalowapa linategemea jibu mtakalonipa.

Boksi la mama liko mezani kwangu, upande wa kushoto, juu ya gazeti. Lakiri ni nzima, sijalifungua. Mama alinikataza, alisema mali ya watu haifunguliwi mpaka imalizwe kulipwa. Juzi, siku ya gulio, alilipa tena. Meseji ya asante ikaingia.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Fundi simu, Gulioni,
Mwamapalala, Itilima, Simiyu

Nakala:
Tume ya Ushindani (FCC)
Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA)
Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA)
Mkuu wa Wilaya ya Itilima
Mama